KAMPUNI NDOGO YA KUTAFUTA MADINI NA MATARAJIO YAKE
Somo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi

Madhumuni ya somo

Katika wilaya nyingi za Tanzania, hususan zile za Kanda ya Ziwa, wanachama wa vyama vya ushirika wamekwisha kuona magari ya watafiti wa madini yakipita kando ya mashamba yao, vigingi vikipigwa, na mashine za kuchoronga zikitoboa ardhi. Haipiti muda kabla habari haijaenea kwamba kijiji kitapata mgodi. Wapo wanaoacha kupalilia mibuni yao kwa kungojea fidia. Wapo wanaokopa kwa kutumainia ajira ambayo haijatangazwa. Na pengine hoja huletwa katika mkutano wa chama kwamba akiba ya wanachama itumike kununua hisa za kampuni hiyo inayotafuta madini.

Somo hili limekusudiwa kumsaidia katibu na mwanachama kuzipima habari za namna hiyo. Jambo kubwa la kushika ni kwamba baina ya madini kuonekana na madini kuuzwa pana hatua nyingi, na kampuni ndogo ya utafutaji hukaa muda wake wote katika hatua zile za mwanzo. Mwanachama anayezijua hatua hizo ataweza kuuliza swali linalofaa kwa wakati wake. Asiyezijua ataongozwa na uvumi.

Sehemu ya 1: Kampuni ndogo ya utafutaji ni kitu gani

Kampuni kubwa ya migodi huchimba, huuza, na hulipa gharama zake kutokana na mauzo. Kampuni ndogo ya utafutaji haina mauzo yo yote. Haina mgodi, haina kiwanda, na mara nyingi watumishi wake wa kudumu ni wachache kuliko wa chama kikuu cha ushirika. Mali yake ni leseni, ramani, taarifa za wanajiolojia na fedha ilizokusanya kwa wanahisa.

Fedha hizo hutumika kulipia ada za leseni, mishahara, uchorongaji na maabara. Zikiisha, kampuni hutoa hisa mpya na kuziuza. Hapa mwanachama wa ushirika anapaswa kuangalia kwa makini. Tuseme kampuni ina hisa 10,000,000, na mtu mmoja ana hisa 100,000. Sehemu yake ni asilimia 1. Kampuni ikitoa hisa nyingine 10,000,000 na mtu huyo asinunue hata moja, sehemu yake hushuka hadi nusu ya asilimia, ingawa hisa zake mkononi ni zile zile 100,000. Kampuni ya utafutaji huweza kufanya hivyo mara nyingi kabla haijapata mgodi. Katika chama cha ushirika kila mwanachama ana kura moja. Katika kampuni kura huhesabiwa kwa hisa, na mwenye nyingi ndiye mwenye sauti.

Matarajio ya kampuni ya namna hii ni ya aina tatu. Ya kwanza ni kupata mashapo mazuri na kuyauza kwa kampuni kubwa, au kuingia ubia nayo. Ya pili, ambayo ni adimu, ni kujenga mgodi yenyewe. Ya tatu ndiyo inayotokea mara nyingi kuliko zote: kutokuta kitu cha kutosha, kurudisha leseni na kwenda kutafuta mahali pengine. Hilo si kosa wala udanganyifu, maana ndivyo kazi ya utafutaji ilivyo. Lakini mwanakijiji aliyekwisha kuacha shamba lake hurithi magugu.

Sehemu ya 2: Hatua kutoka jiwe hadi mgodi

Hatua ya kwanza ni leseni ya utafutaji. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 iliweka kwamba leseni hiyo hutolewa kwa muda usiozidi miaka 4, na kuweza kuhuishwa kwa miaka 3, kisha kwa miaka 2. Leseni hii humpa mwenye nayo ruhusa ya kutafuta. Haimpi ruhusa ya kuchimba na kuuza, wala haimfanyi kuwa mmiliki wa shamba la mtu.

Hatua ya pili ni kuchunguza juu ya ardhi: kuchora ramani za miamba, kuchukua sampuli za udongo na za mchanga wa mito, na kupima ardhi kwa vyombo vinavyobebwa na watu au ndege. Matokeo ya hatua hii ni dalili tu.

Hatua ya tatu ni kuchoronga. Mashine hutoa kipande kirefu cha mwamba kilicho mviringo kama mchi. Kipande hicho hupasuliwa kwa urefu. Nusu moja hupelekwa maabara na nusu ya pili huhifadhiwa ili mtu mwingine aweze kuipima tena. Umuhimu wa nusu hiyo inayohifadhiwa utaonekana katika Sehemu ya 4.

Matokeo ya kuchoronga ndiyo hutangazwa kwa kishindo, na yana namna yake ya kusomwa. Tuseme kampuni imetangaza kwamba imekuta mita 30 zenye wastani wa gramu 1.2 za dhahabu kwa tani. Zidisha 30 kwa 1.2, utapata 36. Huenda dhahabu yote imo katika mita 3 zenye gramu 12 kwa tani, maana 3 mara 12 nayo ni 36, na mita 27 zilizobaki ni jiwe tupu. Maelezo yote mawili ni ya kweli, lakini kwa mchimbaji ni mambo mawili tofauti kabisa. Tena tundu moja ni kama debe moja la kahawa kutoka shamba kubwa: laweza kuonyesha ubora wa miti michache, lakini halisemi lo lote juu ya mavuno ya shamba zima.

Hatua ya nne ni makadirio ya kiasi kilichomo ardhini. Hapa yapo maneno mawili yanayochanganywa mara nyingi. Rasilimali ya madini ni kiasi kinachokadiriwa kuwamo, nacho hupangwa kwa daraja kufuatana na wingi wa matundu: iliyokisiwa tu, iliyodhihirika, na iliyopimwa. Akiba ya madini ni ile sehemu ya rasilimali ambayo hesabu zimeonyesha kwamba yaweza kuchimbwa na kuuzwa kwa faida. Rasilimali yaweza kuwa kubwa na akiba ikawa sifuri.

Hatua ya tano ni upembuzi yakinifu. Wataalamu hukadiria gharama za kujenga mgodi, umeme, maji, barabara, usafishaji wa mbale, fidia, utunzaji wa mazingira, kodi na mrabaha, kisha wakalinganisha na bei ya soko. Baada ya hapo ndipo huombwa leseni ya kuchimba. Ndipo pia linapokuja swali gumu kuliko yote: nani atatoa fedha za ujenzi?

Mgodi hujengwa baada ya hatua hizo. Mrabaha na mapato mengine yatokanayo na mauzo hayapatikani kabla ya mzigo wa kwanza kuuzwa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yaliipa Serikali haki ya kuwa na hisa zisizopungua asilimia 16, bila kuzilipia, katika migodi ya kati na mikubwa. Lakini asilimia 16 ya mgodi usiojengwa bado haijazaa shilingi.

Sehemu ya 3: Nikeli ya Kabanga

Mfano ulio karibu na wakulima wa kahawa ni ule wa Kabanga, katika Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera, jirani na mpaka wa Burundi. Nikeli ya huko iligunduliwa katika uchunguzi wa kijiolojia ulioendeshwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 1976.

Katika miaka ya 1990 eneo hilo lilishikwa na Sutton Resources, kampuni ndogo ya utafutaji kutoka Kanada, ambayo pia ndiyo iliyokuwa na leseni ya dhahabu ya Bulyanhulu. Mwaka 1999 kampuni kubwa ya Barrick iliinunua Sutton. Hayo ndiyo matarajio ya aina ya kwanza yaliyotajwa katika Sehemu ya 1: kampuni ndogo ilichoronga na kampuni kubwa ikanunua. Kutoka hapo miradi miwili ya kampuni moja ilikwenda njia mbalimbali. Mgodi wa Bulyanhulu ulifunguliwa mwaka 2001. Kabanga iliendelea kungoja.

Mwaka 2005 Barrick iliingia ubia na Falconbridge ya Kanada. Mwaka uliofuata Falconbridge ilinunuliwa na Xstrata, na mwaka 2013 Xstrata nayo ikaungana na Glencore. Wabia hao walitumia karibu dola milioni 290 za Marekani kwa uchorongaji na upembuzi, lakini mgodi haukujengwa. Mwaka 2018 Serikali ilifuta leseni za kuhodhi maeneo ya madini, na ile ya Kabanga ikafutika pamoja nazo.

Januari 2021 Serikali ilitia sahihi mkataba na kampuni changa ya Uingereza, Kabanga Nickel. Ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel, ambamo Serikali ina asilimia 16, na leseni kubwa ya uchimbaji ikatolewa mwaka huo huo. Kampuni kubwa ya BHP ya Australia iliingiza fedha zake. Mwaka 2023 kampuni mama, iitwayo Lifezone Metals, iliandikishwa katika soko la hisa la New York. Julai 2025 upembuzi yakinifu ulitolewa, ukitaja akiba ya tani milioni 52.2 za mbale zenye nikeli asilimia 1.98, na gharama za ujenzi za karibu dola milioni 940. Mwezi huo huo BHP ilijiondoa, na Lifezone ikachukua sehemu yake.

Mwanachama na afanye hesabu hapa. Asilimia 1.98 maana yake ni kilo 19.8 za nikeli katika kila tani ya mbale. Kwa tani milioni 52.2, nikeli iliyomo ni kama tani milioni 1. Hayo ni mashapo makubwa na mazuri, wala hakuna aliyedanganya juu yake. Hata hivyo, tangu mwaka 1976 hadi upembuzi huo ulipotoka ilipita miaka 49, na katika muda wote huo haikuuzwa hata tani moja ya nikeli kutoka Kabanga. Mtoto aliyezaliwa Ngara mwaka wa ugunduzi alikuwa akikaribia miaka 50.

Sababu kubwa ni bei na mtaji. Tarehe 8 Machi 2022 bei ya nikeli katika soko la London ilipanda ghafla kupita dola 100,000 kwa tani, soko likasimamishwa na mauzo ya asubuhi hiyo yakabatilishwa. Mwaka 2024 wastani wa bei ulikuwa chini ya dola 20,000, kwa sababu Indonesia ilikuwa imemimina nikeli nyingi sokoni. Oktoba 2024 BHP ilisimamisha uzalishaji wake wa nikeli huko Australia kwa sababu hiyo hiyo. Mkulima wa kahawa anaijua hali hii: zao ni lile lile na shamba ni lile lile, lakini bei hupangwa na wengine mbali. Tofauti ni kwamba mkulima huvuna kidogo kila mwaka hata bei ikiwa mbaya. Mwenye mashapo yasiyochimbwa havuni kitu.

Sehemu ya 4: Dhahabu ya Busang isiyokuwapo

Mradi wa Kabanga ulichelewa kwa sababu za kibiashara, na mbale yake ni ya kweli. Yafaa sasa kutazama mfano wa pili, wa nchi ya mbali, ambamo mbale yenyewe haikuwapo.

Mwaka 1993 Bre-X, kampuni ndogo ya mji wa Calgary nchini Kanada, ilichukua eneo la Busang katika kisiwa cha Borneo, Indonesia. Kila mwaka kampuni ilitangaza dhahabu nyingi zaidi. Kufikia mapema mwaka 1997 ilitaja wakia milioni 71, yaani zaidi ya tani 2,000. Thamani ya hisa zake zote ilipita dola bilioni 6 za Kanada, bila ya kuwa imeuza hata gramu moja.

Kampuni ya Freeport-McMoRan ilipotakiwa kuwa mbia, ilichoronga matundu yake yenyewe kando ya yale ya Bre-X. Machi 1997 ilitangaza kwamba dhahabu iliyokutwa haikuwa na maana. Mei 1997 mkaguzi wa kujitegemea, kampuni ya Strathcona, alithibitisha kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje baada ya kutolewa ardhini. Bre-X haikuhifadhi nusu ya vipande vya mwamba kama ilivyo desturi. Ilisaga karibu vyote, na hivyo hapakubaki kitu cha kupimwa tena. Wataalamu wengi waliiona kasoro hiyo, lakini bei ya hisa ilikuwa ikipanda, na waliouliza walikuwa wachache.

Waliopata hasara hawakuwa matajiri peke yao. Mfuko wa pensheni wa walimu wa jimbo la Ontario ulipoteza takriban dola milioni 100 za Kanada. Fedha hizo zilikuwa akiba ya uzeeni ya watu wa mishahara, nazo zilikuwa zikisimamiwa na wasomi waliobobea katika uwekezaji. Mwaka 2001 Kanada ilianza kutumia kanuni zinazotaka taarifa za madini zitiwe sahihi na mtaalamu mwenye sifa, anayejulikana kwa jina na anayewajibika kwa aliyoyaandika.

Sehemu ya 5: Ardhi ya mwanachama na fedha za chama

Kuhusu ardhi, Sheria ya Madini haimruhusu mwenye leseni kuingia mahali penye nyumba, mazao, josho au bwawa bila ya ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali. Mwenye ardhi huendelea kulima na kulisha mifugo mahali pasipoingiliana na kazi ya utafutaji. Mazao yakiharibiwa na njia ya magari au jukwaa la mashine, fidia hulipwa. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka.

Kwa hiyo mwanachama asitie sahihi karatasi asiyoielewa, wala asikubali ahadi ya mdomo. Mwakilishi wa kampuni aonyeshe leseni, na nambari yake iulizwe kwa Afisa Madini Mkazi. Mibuni, migomba na miti mingine ihesabiwe na kuandikwa mbele ya mwenye shamba na uongozi wa kijiji. Vitabu vya mapokezi ya mazao vya chama ni ushahidi mkubwa hapa. Mwanachama ambaye kilo zake zimeandikwa kila msimu ataweza kuonyesha shamba lake lilizaa nini. Aliyeuza kwa walanguzi usiku hatakuwa na karatasi.

Zaidi ya yote, shamba lisiachwe. Mbuni mpya huchukua kama miaka 3 au 4 kabla ya kutoa mavuno ya maana. Aliyeng'oa au kutelekeza mibuni kwa uvumi wa mgodi, na mgodi usije, amejipunguzia misimu hiyo yote. Na iwapo uthamini utafanyika, shamba lililogeuka pori haliwezi kuthaminiwa sawa na shamba lililotunzwa. Kupanda miti kwa haraka baada ya tarehe ya uthamini nako hakumsaidii mtu, maana hesabu huwa imekwisha kufungwa.

Kuhusu fedha, akiba ya chama ni amana ya wanachama. Katibu hana mamlaka ya kuitoa kununua hisa, wala kamati haina mamlaka ya kuficha jambo hilo hadi lifanyike. Chama huendeshwa kwa masharti yake na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho, na ukomo wa madeni uliowekwa na mkutano hauna budi kuidhinishwa na Mrajis. Fedha za msimu, ambazo ni za kununua mazao na kuwalipa wakulima, zisiguswe asilani kwa biashara ya kubahatisha. Mwanachama anayetaka kujaribu bahati yake kwenye hisa afanye hivyo kwa fedha zake binafsi, na kwa kiasi ambacho kikipotea watoto wake watakwenda shule.

Pamoja na hayo, chama kisimchukulie mtafiti wa madini kuwa adui. Kambi ya watafiti hununua mchele, maharage, ndizi na mboga, nayo huajiri vibarua. Chama chaweza kufanya mkataba wa kuuza vyakula hivyo kwa fedha taslimu. Biashara ya namna hiyo haimtaki mwanachama kuacha shamba lake. Waswahili walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Mambo ya kukumbuka

1. Leseni ya utafutaji ni ruhusa ya kutafuta. Haithibitishi kuwapo kwa madini wala haiondoi haki ya mwenye ardhi.
2. Tundu moja zuri si mgodi. Rasilimali si akiba. Akiba bila ya mtaji si ajira.
3. Kampuni ndogo huishi kwa kuuza hisa, na kila hisa mpya hupunguza sehemu ya mwenye hisa wa zamani.
4. Taarifa isiyoweza kupimwa tena na mtu mwingine haistahili kuaminiwa, hata ikiwa imepambwa kwa tarakimu.
5. Fedha za msimu na akiba za wanachama si za kubahatisha.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Je, katika eneo la chama chenu ipo leseni ya utafutaji? Ni ya nani, na itakwisha lini? Ikiwa hakuna ajuaye, nani atatumwa kuuliza?
2. Kampuni imetangaza mita 40 zenye gramu 0.9 za dhahabu kwa tani. Fanya hesabu, kisha eleza swali ambalo mwanachama angeuliza kabla ya kufurahi.
3. Kwa nini Kabanga, yenye mbale ya kweli, ilikaa miaka 49 bila ya kuuza nikeli? Taja sababu zisizopungua mbili.
4. Wasimamizi wa mfuko wa walimu wa Ontario walikuwa wasomi. Ni kitu gani kiliwafanya wasiulize habari za vipande vya mwamba? Je, jambo kama hilo laweza kutokea katika mkutano wa chama chenu?
5. Mwanachama anataka kung'oa mibuni 200 kwa sababu amesikia fidia inakuja. Kamati imwambie nini, na imwonyeshe karatasi gani?

Katibu aandike majibu ya kikundi katika kitabu cha kumbukumbu na kuyasoma katika mkutano unaofuata. Jibu la swali la kwanza lipatikane kabla ya msimu mpya wa ununuzi kufunguliwa.